Nairobi au Eldoret: Anayekwenda Kusoma Naye Aulizwe

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatangazwa na nderemo zikishapoa, huanza msimu mwingine ambao haupigiwi vigelegele. Ni msimu wa kuchagua. KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hufungua tovuti yake kwa muda mfupi, na katika nyumba nyingi za Kisumu na za kandokando ya ziwa, kuanzia Usenge hadi Kendu Bay, wazazi, wajomba na walimu hukusanyika kumwamulia mtoto mmoja mahali atakapoishi kwa miaka minne, mitano au sita. Mtoto mwenyewe aghalabu huwa jikoni akichemsha chai.

Niliitwa katika kikao cha namna hiyo Jumapili moja, mtaani Mamboleo, nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha hisabati nilipokuwa mvulana wa kaptura. Binti yake kitindamimba alikuwa amepata alama ya A, na tangu utotoni hakuwa na wimbo mwingine ila udaktari. Mama yake alikuwepo. Mjomba wake alikuwa amesafiri kutoka Homa Bay. Na jirani mmoja ambaye mwanawe yumo katika Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwepo pia, na huyo ndiye aliyesema kuliko wote.

"Daktari," mzee aliniambia akicheka, "wewe ndiwe daktari wa pekee ninayemjua asiyeweza kunitibu mgongo. Lakini mambo ya vyuo unayajua. Tuamulie basi. Nairobi au Eldoret?"

"Mwalimu," nilimjibu, "mimi ni daktari wa vitenzi na nomino. Hata hivyo nitasema niyajuayo."

Nimeona niyaandike hapa niliyoyasema siku ile, pamoja na yale niliyoambiwa, maana najua kwamba walimu wengi wa kidato cha nne huulizwa swali hilo hilo, na wengi hulijibu kwa neno moja.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Nafasi za utabibu katika vyuo vya umma ni chache, na wanaozitaka ni wale wale waliokuwa vinara katika shule zao. Mwombaji hutakiwa awe amefanya vyema katika biolojia na kemia, katika hisabati au fizikia, na vilevile katika Kiingereza au Kiswahili. Pointi zake za klasta hulinganishwa na za wenzake wa nchi nzima, kisha mstari hupigwa. Kule juu karibu na mstari huo, anayeingia na anayeachwa hutengwa na sehemu ndogo mno ya pointi moja. Binti huyu alikuwa na pointi za kumwezesha kuitazama milango yote miwili, wa Nairobi na wa Moi, bila hofu kubwa ya kufungiwa nje, na bahati hiyo ndiyo iliyozua mgogoro.

Mama yake, kwa kweli, alikuwa na chuo cha tatu moyoni. Maseno iko hapo tu, mwendo wa chini ya saa moja kwa matatu, nayo hufundisha utabibu kwa kutumia hospitali yetu kubwa ya Kisumu, ile inayoitwa rasmi kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini ambayo kila mtu huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Mama alitaka binti alale nyumbani. Hoja hiyo haikupewa nafasi kikaoni, nami nadhani ilistahili kupewa zaidi ya ilivyopewa. Lakini binti mwenyewe, kama nilivyokuja kujua, alitaka kuondoka, na hakuna chuo kinachoweza kushindana na hamu ya kijana wa miaka 18 ya kuuona mji mwingine.

Wazazi wetu hawakuwa na shida hii. Zamani, mtoto wa ziwani aliyetaka kuwa tabibu hapa Afrika Mashariki alikuwa na njia moja, nayo ilielekea Kampala. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingiza mafunzo ya utabibu katika miaka hiyo hiyo ya 1920, na wanafunzi wakawa wakijifunzia katika hospitali ya Mulago. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1956 hakikuwa na utabibu. Hata ulipoundwa mwaka 1963 ule muungano wa vyuo ulioitwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kazi ziligawanywa kama ndugu wanavyogawana shamba: utabibu ulibaki Makerere, uhandisi na utabibu wa mifugo ukawa Nairobi, na sheria ikapelekwa Dar es Salaam. Hadi mwaka 1967 ndipo Nairobi ikaanza kufundisha madaktari wake yenyewe, na miaka mitatu baadaye muungano ukavunjika, kila nchi ikashika lake.

Kizazi changu nacho hakikuchagua sana. Mimi nilijaza fomu nikiwa bado shuleni, nikaomba sheria, na Bodi ya Pamoja ya Usajili, ile JAB ambayo KUCCPS iliirithi kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ikanipeleka kusomea elimu na lugha. Sijutii. Lakini nakumbuka kwamba barua ile ilisomwa na baba yangu, ikasomwa na mwalimu mkuu, ikasomwa na chifu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza naionaje. Pengine ndiyo sababu vikao vya Jumapili hunikera.

Tuje kwenye vyuo vyenyewe.

Anayekwenda Nairobi hujiunga na shule ya udaktari iliyo kongwe kuliko zote nchini. Miaka ya mwanzo hupitia Chiromo, kwenye maabara na kumbi za mihadhara, akijifunza mwili wa binadamu kipande kwa kipande. Baadaye huhamia wadi za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 tu, na ambayo leo ndiyo tegemeo la rufaa kutoka kila pembe ya nchi. Humo ndani mwanafunzi hukutana na maradhi ambayo daktari wa hospitali ya kaunti huenda asiyaone maishani: saratani adimu, kasoro za moyo za watoto, majeruhi wa barabara kuu zote. Waalimu wake wengi ni mabingwa, na shahada za uzamili za upasuaji, za tiba ya watoto na nyinginezo zina mizizi mirefu pale. Kwa mwenye akili ya kusoma peke yake, anayeweza kuketi na kitabu kinene kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, na ambaye tayari anajua kwamba anataka ubingwa, sioni shaka kuwa Nairobi inamfaa.

Kasoro yake imo ndani ya sifa yake. Mgonjwa anayefika Kenyatta kwa rufaa ameshapita zahanati, kituo cha afya na hospitali ya kaunti. Amefika mwisho wa barabara. Mwanafunzi anauona ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Mahali ulikoanzia, pengine kisimani, pengine kwenye ndoa, pengine katika deni la dukani lililomfanya mtu aahirishe kwenda zahanati, hapaonekani kutoka kitandani. Tena wanaosimama kukizunguka kitanda hicho ni wengi, na aliye nyuma huona mabega ya wenzake.

Eldoret ni jambo jingine kabisa, na ninaona uchungu kwamba tofauti hiyo haikutajwa hata mara moja katika kikao kile kabla sijaitaja mimi. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, kufuatia pendekezo la Tume ya Mackay ya mwaka 1981 kwamba nchi ijenge chuo kikuu cha pili. Shule yake ya udaktari, iliyoanza miaka michache baadaye mjini Eldoret, haikutaka kuwa nakala ya Nairobi. Iliufuata mtindo uliozaliwa katika chuo cha McMaster nchini Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960, ukaenea hadi Maastricht nchini Uholanzi: mtindo wa kujifunza kwa kuanzia na tatizo.

Kwa kuwa walimu wengi hawajaushuhudia, niueleze. Badala ya mhadhiri kusimama na kufundisha malaria kuanzia mbu hadi dawa, wanafunzi wachache huketi mezani na kupewa kisa. Mtoto wa miaka mitatu ameletwa na bibi yake. Ana homa tangu siku nne zilizopita, amekataa kula, na tangu asubuhi amekuwa akishtukashtuka. Basi. Wanafunzi hujiuliza wenyewe: tunajua nini hapa, hatujui nini, nani atakwenda kusoma kuhusu damu, nani kuhusu ubongo, nani kuhusu dawa, na kwa nini aliyemleta ni bibi wala si mama? Hutawanyika, husoma, kisha hurudi kufundishana. Mkufunzi huwepo, lakini kazi yake ni kuwazuia wasipotee, si kuwabeba. Sambamba na hayo kuna programu ya elimu na huduma katika jamii, ambayo huwapeleka wanafunzi vijijini na katika vituo vya afya. Huko huhesabu vyoo, huchunguza visima, huketi na wenye nyumba na kuwauliza maswali. Ushirikiano wa Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, uliodumu tangu mwanzo wa miaka ya 1990, ndio uliozaa mwaka 2001 mpango wa AMPATH wa kukabiliana na UKIMWI. Na kituo cha afya cha Mosoriot, kilicho kando ya barabara ile ile ambayo matatu ya kutoka Kisumu hupita baada ya Kapsabet, kilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya kazi hiyo.

Mtindo huu una gharama. Unahitaji vikundi vidogo na wakufunzi wengi. Darasa likivimba, kikundi kidogo hakibaki kidogo. Mwanafunzi mzembe hujificha nyuma ya wenzake, na aliye mwoga hunyamaza mwaka mzima. Wapo pia wanaolalamika kwamba hawajui wamejua nini, maana hakuna aliyewapa daftari lililokamilika. Isitoshe, jirani yetu hakukosea alipokumbusha kwamba mwishoni mwa mwaka 2024 mgomo wa wahadhiri uliyakwamisha masomo ya Chuo Kikuu cha Moi kwa zaidi ya miezi miwili. Nilimkumbusha tu kwamba mwaka 2025 mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma, ulioendelea kwa wiki zipatazo saba, haukuchagua mji.

Hoja kubwa ya mzee, hata hivyo, haikuwa migomo. Ilikuwa jina. "Nairobi ni Nairobi," alisema, kana kwamba amethibitisha nadharia ya Pythagoras. Nami nilimuuliza mwalimu wangu wa hisabati anipe uthibitisho uliobaki. Mhitimu wa Nairobi na mhitimu wa Moi husoma miaka sita. Husajiliwa na baraza moja la madaktari. Huingia katika mwaka mmoja wa mafunzo kazini katika hospitali zile zile, kwa kupangiwa na wizara ile ile. Madaktari walipogoma mwaka 2024 kwa siku 56, wakidai pamoja na mengine malipo ya hao madaktari wanagenzi, hakuna aliyeuliza nani alisoma wapi. Mgonjwa wa Rachuonyo anayeshonwa jeraha usiku hatazami ukutani kusoma cheti. Ikiwa leseni ni moja, mshahara ni mmoja na foleni ya kusubiri kazi ni moja, basi kilichobaki cha kupima ni ile miaka sita yenyewe: itamfanyia nini binti huyu, na itamfanya mtu wa namna gani?

Hapo ndipo nilipoingiza jambo la taaluma yangu, na naomba msomaji anivumilie kama walivyonivumilia wale.

Utabibu nchini mwetu hufundishwa kwa Kiingereza, kama unavyofundishwa pia Tanzania. Wagonjwa hawaugui kwa Kiingereza. Mwanamke wa Asembo akisema kwa Dholuo kwamba *chuny* yake inauma, mwanafunzi aliyekariri kamusi ataandika ini. Na ni kweli, neno hilo ni ini. Lakini ni pia makao ya hisia, mahali Mswahili angesema moyo au roho. Huenda mama huyo ana uvimbe wa ini. Huenda ana vidonda vya tumbo. Huenda amefiwa. Ni mazungumzo tu, tena mazungumzo ya subira, yatakayotenganisha mambo hayo matatu kabla ya vipimo vya gharama. Chukua neno la Kiswahili *homa*. Kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni mafua, na kwa mwingine ni malaria yenyewe. Mtu akisema "nina homa" amesema mambo matatu au hajasema hata moja. Chukua *chira*, ule udhoofu wa mwili unaosemekana humpata aliyevunja mwiko. Ukimwi ulipoingia ufuoni mwa ziwa, familia nyingi ziliona mtu akikonda na kukauka, zikasema ni chira, zikatafuta dawa ya chira. Daktari aliyecheka neno hilo alimpoteza mgonjwa siku hiyo hiyo. Daktari aliyeuliza, "Chira yake ilianzaje?" aliambiwa historia nzima ya ugonjwa, na kwa mpangilio mzuri kuliko wa fomu za hospitali.

Aliyelijua hilo mapema ni Grace Ogot. Watu humkumbuka kama mwandishi na mwanasiasa, na husahau kwamba alikuwa muuguzi na mkunga. Alisomea Mengo nchini Uganda, akaendelea katika hospitali ya St Thomas mjini London, akarudi kufanya kazi katika hospitali ya Maseno. Mtu huyo huyo baadaye aliandika riwaya kwa Dholuo, wakati ambapo wasomi wengi wa rika lake waliona lugha hiyo haifai karatasi. Siwezi kuthibitisha kwamba wadi ya wazazi ndiyo iliyomfunza kusikiliza, lakini sishangai kwamba aliyekaa usiku kucha na wanawake wenye uchungu alijua lugha ya mama ina mambo ambayo lugha ya vitabu haina.

Kwa ajili hiyo, nikawaambia, moyo wangu umeelekea Eldoret. Mwanafunzi anayepelekwa kijijini mapema, anayeketi kwenye kigoda cha mwenye nyumba na kuuliza maswali kwa Kiswahili mbele ya mzee anayejibu kwa Kinandi kupitia mjukuu, anajifunza kwamba hajui. Hilo ni somo la lugha, na ni somo la tiba. Nilisema kwa ufasaha, nadhani. Mjomba wa Homa Bay alitikisa kichwa kwa kukubali. Mzee alinyamaza.

Mjomba ndiye aliyeleta pesa mezani, jambo ambalo wasomi tunapenda kulipita haraka. Tangu mwaka 2023 serikali ilipobadilisha utaratibu wa kufadhili wanafunzi, mkopo na ruzuku hupimwa kwa uhitaji wa familia, na utaratibu huo umekuwa ukipingwa mahakamani. Kwa hiyo mzazi hawezi kukisia kwa urahisi atabeba nini. Anachoweza kukisia ni chumba, chakula na nauli. Chumba cha Nairobi si sawa na chumba cha Eldoret. Safari ya Eldoret kupitia Chavakali na Kapsabet humalizika asubuhi moja. Ya Nairobi humeza siku. Mjomba alisema atachangia chumba popote kitakapokuwa, lakini hatachangia kiburi cha mtu yeyote, na akamtazama shemeji yake.

Ndipo nikaomba binti aitwe kutoka jikoni.

Alikuja akakaa kwenye ncha ya kiti, kama wakaavyo watoto wa walimu. Nilimuuliza alivyojiandaa kwa mtihani. Akasema alisoma peke yake, alfajiri, kabla kengele haijalia. Nikamuuliza kuhusu vikundi vya majadiliano. "Nilikuwamo, Mwalimu, lakini huwaachia wengine waseme. Mimi nikisikia jambo kwa mtu anayelijua vizuri, kisha nikaenda kulisoma, linakaa."

Nilimwambia kwamba basi Eldoret ingemfaa zaidi, kwa maana ingemtoa kwenye ukimya huo. Jibu lake sitalisahau.

"Mwalimu, kwa nini nitumie miaka sita ya udaktari kuutibu ukimya wangu?"

Mama yake alimkemea kwa jicho. Mimi nilicheka, maana sikuwa na la kusema. Kisha akaendelea, taratibu, akitazama sakafu, na akaeleza jambo ambalo baba yake alilijua lakini hakuwahi kuliona kuwa ni hoja. Ndugu yake anayemfuatia kwa karibu ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi hapa huuita sikoseli, ugonjwa wa damu ulioshamiri katika nchi hizi za malaria kando ya ziwa. Tangu binti akiwa na miaka kumi, yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki pamoja na bibi yao, na kwa kuwa bibi hajui ila Dholuo, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Bibi anasema hivi, daktari anaandika vile. Alijifunza kupinga. Alijifunza kusema, "Hapana, hajasema tumbo, amesema ndani." Alijifunza kwamba maumivu ya ndugu yake yana majina manne nyumbani na jina moja hospitalini.

"Kusikiliza nimekuwa nikisikiliza," alisema. "Ninachokikosa ni damu yenyewe. Nataka kujua inavyoharibika na inavyotengenezwa. Nataka niende mahali ambapo kuna watu wanaofanya kazi hiyo tu, niketi mbele yao waniambie. Na wagonjwa wa lugha zote watakuwapo Kenyatta, si watatoka kila kaunti?"

Msomaji ataona kwamba binti alichagua Nairobi, kama alivyotaka baba yake, lakini hakuichagua Nairobi ya baba yake. Msimamo wangu kuhusu Eldoret sijaubadilisha. Ningekuwa na wanafunzi kumi wenye pointi hizo, na tisa kati yao wakaniambia wanataka Nairobi kwa sababu ni Nairobi, ningewashauri wote tisa wapande matatu ya Eldoret wakatembee pale siku moja, wazungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu, waombe kuona kikundi kikijadili kisa. Huyu wa kumi ningemwacha aende.

Walimu wenzangu wa sekondari wanaweza kufanya jambo ambalo sisi wa vyuo hatuwezi. Wao ndio waliomwona mtoto akisoma. Wanajua nani hujifunza kwa kuwafundisha wenzake chini ya mti na nani hujifunza alfajiri peke yake; nani huuliza kwa nini, na nani huuliza ukurasa wa ngapi. Habari hizo haziandikwi kwenye hati ya matokeo, na hazimo katika pointi za klasta. Shule nyingi hapa huwaaga wahitimu wao Novemba na kuwaona tena siku wanapokuja kuchukua vyeti. Kati ya siku hizo mbili ndipo tovuti hufunguliwa, na mtoto huenda kwenye kibanda cha kompyuta mjini, ambako kijana asiyemjua humjazia machaguo kwa malipo kidogo, huku simu ya mjomba ikilia. Ingekuwa vyema mwalimu wa darasa angalau awepo siku moja katika muda huo, shuleni, kwa wanaotaka kuja.

Nao wenye mitaala ya udaktari, Nairobi na Eldoret na Maseno pia, wanadai alama nzuri ya Kiingereza au Kiswahili mlangoni. Ningependa kujua lugha hiyo huenda wapi baadaye. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya mwaka 2010, na ndicho daktari wa Kisumu atakachotumia akipelekwa Lodwar. Saa mbili kwa wiki za kujifunza kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili, na kutumia mkalimani bila kumgeuza mgonjwa kuwa samani, hazingemnyima mtu yeyote nafasi ya kuijua anatomia. Idara za lugha zipo katika vyuo hivyo hivyo. Mimi mwenyewe ningefundisha bila kudai nyongeza, ingawa chama chetu kisilisikie hilo.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho mzee alinipigia simu. Nairobi ya kwanza, alisema, Moi ya pili, na Maseno imewekwa pia kwa heshima ya mama. Sauti yake ilikuwa ya mshindi, nami sikumnyang'anya ushindi huo. Nikauliza binti yuko wapi. Amelala, akasema, kesho ana zamu ya kumpeleka ndugu yake kliniki, na wanatafuta atakayeichukua zamu hiyo Septemba ikifika.